Afande wa Chapa ya Kwanza

Ninaanza kwa kumshukuru Mwenyezi Mungu, aliyetupa macho ya kusomea na moyo wa kukumbukia, akatujalia marafiki ambao hatukuwaomba kwa sababu hatukujua kwamba tunawahitaji. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, jamaa zake na masahaba wake. Baada ya hayo, nataka kusimulia habari za mtu mmoja wa Jinja niliyemjua kwa miaka mingi. Mpaka leo nikipita mtaa wake wa Mpumudde najikuta natazama dirisha lake, kisha ndipo ninapokumbuka kuwa hayupo.

Watu walimwita Afande, nami nitamwita hivyo. Ajabu ni kwamba hakuwahi kuwa askari. Alikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha nguo, na akimwona mtu mwenye sare njiani alivuka upande wa pili, hata akiwa ni mlinzi wa benki. Jina hilo alipewa miaka ya utawala wa kijeshi, askari walipokuwa wakipekua nyumba za Mpumudde. Waliingia kwake wakakuta kitabu chenye ramani ya kukunjua, na miaka ile mtu aliweza kupotea kwa sababu ya ramani. Yule mkubwa wao aliikunjua mezani.

"Hii ramani ya nini?"

"Ya vita, afande."

"Vita ya nani?"

"Ya Wazungu kwa Wazungu. Wote wamekufa."

Askari aligeuza ile ramani juu chini, akaangalia rafu nzima ya vitabu vya vita, akacheka mpaka akakaa. "Basi wewe ndiyo afande yao. Chunga maiti yako vizuri." Wakaondoka. Majirani walisikia kila kitu kupitia ukutani, na kesho yake asubuhi alipokwenda kuchota maji, mtu wa kwanza kukutana naye alimpigia saluti. Yeye mwenyewe alinieleza kwamba hofu haikumwisha wiki nzima, lakini jina hakulikataa. Alisema lilikuwa zawadi ya mtu ambaye angeweza kumpa kitu kingine.

Alichokusanya ni vitabu vya safari za kivita za zamani: za Sudani na mto Nile, za Uhabeshi, za Burma walikokwenda wazee wetu, na zaidi ya zote vile vita vya Waingereza na Wajerumani vilivyopiganwa upande wetu huu. Wala hakutaka kitabu chochote tu. Alitaka chapa ya kwanza. Ukimletea chapa ya pili, hata ikiwa safi kama imetoka dukani, alikushukuru, akakunywesha chai, na ukiondoka alimpa mwanafunzi wa jirani.

Nilimuuliza zamani, maana mimi nimefundisha chuo cha Kurani maisha yangu yote, na kwetu nakala mpya na nakala kuukuu ni maneno yale yale, heshima ile ile. "Tofauti ni nini, Afande?"

"Shehe," akasema, "chapa ya kwanza mtu katoka vitani juzi, vumbi bado liko masikioni. Chapa ya pili ameshakaa na wakubwa, wamempa chai, wamemwambia hapa punguza, pale ongeza."

Alizijua chapa za kwanza kwa dalili zake, kama mfugaji anavyojua ng'ombe wake kundini. Hiki kilikosewa rangi ya kitambaa cha jalada. Kile picha moja ilibandikwa pasipo pake. Kwake kosa la mchapishaji lilikuwa ndiyo alama ya ukweli, kwa sababu chapa zilizofuata zilisahihishwa.

Alikuwa na adabu ya ajabu kwa vitabu. Kabla ya kushika kimoja alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akajifuta kwa taulo lililokuwa na msumari wake peke yake. Siku moja nikamtania kwamba anatawadha. Akajibu haraka, "Nyinyi mna chenu, mimi nina changu," kisha akaona haya. "Usikasirike, Shehe. Sifananishi." Yeye alikuwa Mkristo, wa namna yake. Jumapili alipiga pasi shati, akaenda kusimama nje ya kanisa chini ya dirisha la kwaya, na nyimbo zikiisha akarudi nyumbani kabla ya mahubiri.

Adui zake walikuwa mchwa, vidole vilivyolowekwa mate, na ziwa. "Mbale kwenu mvua inanyesha halafu inakwisha," aliniambia. "Hapa hewa yenyewe ina maji." Nyuma ya rafu aliweka majani makavu ya mwarobaini, na kiangazi alivitoa vitabu barazani, kivulini, akavisimamisha vikiwa wazi kidogo. Majirani waliambiana, "Leo vitabu vya Afande vimetoka kupunga hewa," na wanawake wakakataza watoto kukimbiza kuku upande ule.

Marehemu mke wake alimpenda, na kwa mapenzi hayo aliwahi kumtia msiba. Kwetu sisi, mtu akikipenda kitabu anakivalisha. Mtoto akipewa kitabu shuleni, jioni hiyo hiyo mama anatafuta karatasi ya kalenda. Basi mke huyu, mumewe akiwa kazini, alichukua kitabu kimoja cha vita vya Uhabeshi, chapa ya kwanza, chenye karatasi yake ya jalada ambayo peke yake ilikuwa adimu kuliko kitabu chenyewe, akakivalisha kalenda yenye picha ya maporomoko ya Sipi. Na ili isibanduke, akaigandisha kwa uji wa ngano.

Afande alirudi, akaona. Akatoka nje akakaa kwenye ngazi muda mrefu. Mkewe akamfuata. "Kwani haijakaa sawa?"

"Imekaa sawa sawa," akasema. "Ahsante, mama watoto."

Baadaye wakaja watu wenye ujuzi wa kubandua karatasi kwa mvuke, na mimi mwenyewe nilimshauri awaruhusu. Mkewe alikuwa ameshafariki. Afande aliwafukuza kwa upole, na maporomoko ya Sipi yalibaki pale kwenye rafu katikati ya majenerali.

Vitabu alivipata kila mahali. Kwenye nyumba za wamisheni waliokuwa wanarudi kwao, kwenye klabu za zamani, kwenye maduka ya vitu chakavu. Hadithi aliyoipenda ni ya Masese. Alikwenda kule ufukweni kununua samaki wa kukaanga, na mama muuzaji akamfungia kipande katika ukurasa uliochanwa. Afande akaona picha ya ngamia na mzinga.

"Mama, karatasi hii inatoka wapi?"

"Iko hapa. Nzuri, haipitishi mafuta."

Kitabu kilikuwa chini ya beseni, kimeshapoteza nyama ya mbele. Alipoomba kukinunua, mama akakataa: atafungia nini samaki? Afande akanunua samaki wote ili kazi ya karatasi iishe.

"Banange! Afande, utakula samaki hii yote peke yako?"

"Sinunui samaki, mama. Nawanunulia watu hawa njia ya kurudi nyumbani."

Mpumudde nzima ilikula samaki siku ile. Kitabu hakikuwa na kurasa za mwanzo, kwa hiyo hakuweza kujua kama ni chapa ya kwanza, na jambo hilo lilimuuma kwa miaka.

Usidhani alipenda vita. Vijana wakianza kusifu bunduki mbele yake, alisimama akaaga. Nikamuuliza kwa nini basi amejaza nyumba vitabu vya mizinga. Hakunijibu vizuri. Mara alisema ni kama mtu anayeogopa maji anavyokaa akiyaangalia. Mara alisema hajui. Ninaamini la pili.

Sasa nifike kwenye kile alichokitamani. Miongoni mwa vitabu vyake kulikuwa na kimoja cha ofisa wa Kiingereza aliyekwenda na jeshi upande wa Tanganyika. Kilitolewa kwa juzuu mbili, na Afande alikuwa na ya pili tu. Ya kwanza aliitafuta tangu ujana. Aliandika barua Nairobi, aliuliza Kampala, alipata chapa yake ya pili akaigawa. Upande wa kushoto wa juzuu ile aliacha nafasi ya unene wa vidole viwili, na hakuna kitabu kilichoruhusiwa kuegemea humo.

Kila mgeni alionyeshwa juzuu ya pili, na kila mgeni alionyeshwa ukurasa mmoja. Huko karibu na mwanzo, namba ya ukurasa ilichapwa kichwa chini, miguu juu. Hiyo ndiyo ilikuwa dalili ya chapa ya kwanza. Afande alikifungua hapo bila kutafuta, akafunika maandishi yote kwa kiganja ili jicho la mgeni lisipotee, akaacha namba peke yake ikionekana. "Umeona? Umeona alivyolala?" Na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayeonyesha mjukuu.

Siku moja niliitwa Namatala, hapa kwetu Mbale, kusoma dua katika nyumba ya mama mmoja mjane. Juu ya mlango palikuwa na rafu ndogo, na juu yake kitu kimefungwa kwa kitambaa cha kijani. Nikadhani ni Msahafu, nikaomba nishushiwe nisomee humo. Mama akacheka kwa aibu.

"Hapana, Shehe. Ile si Msahafu. Watu ya hapa ndiyo wanadhani. Hata juzi walileta kijana aliiba kuku, wakamwapisha kwa hiyo."

"Na akakiri?"

"Alikiri, bambi, maskini. Na kuku nyingine pia akataja."

Kilikuwa kitabu cha Kizungu. Nikafungua ukurasa wa mbele, nikasoma jina la yule ofisa, na chini yake: juzuu ya kwanza. Nilimaliza dua kwanza, kisha nikatoka nje nikapiga simu Jinja.

"Afande, umekaa?"

"Nimekaa."

"Basi simama."

Kesho yake mchana aliteremka Mbale amevaa lile shati la Jumapili, kashika bati la biskuti lililofungwa kamba ya katani. Ndani yake aliweka juzuu ya pili, ili alinganishe kitambaa na karatasi. Tulipofika Namatala nikafanya kosa la mazoea. Nikasema mlangoni, "Mama, nimekuja na Afande."

Mlango ukafungwa. "Hapa hakuna mtu! Kijana yangu alienda Tororo!"

"Mama, ni Afande wa vitabu!"

"Sijawahi kushika hata manati, mama," Afande akasema, na sauti yake ilikuwa ya kuomba kiasi kwamba mlango ukafunguka.

Aliomba maji ya kunawa. Mama akampa, akatazama alivyosugua mpaka viwikoni, na nikaona kwamba amempenda. Kisha akashusha kitabu, akakifungua yeye mwenyewe kwenye picha. Ilikuwa picha ya wapagazi wamesimama mstari mmoja Mbale, mizigo kichwani, kabla ya kuanza safari ya vitani.

"Hii kitabu ni ya nyumba. Babu ya mzee yangu, marehemu bwana yangu, iko hapa." Akaweka kidole.

Pale alipoweka kidole hapakuwa na uso. Watu wa nyumba ile wameugusa na kuubusu tangu enzi za wazazi wao, mpaka karatasi ikawa nyeupe na laini kama pamba. Wapagazi wengine wote wana nyuso, yule hana. Nilimtazama Afande, mtu aliyewahi kumtoa mwalimu mkuu nyumbani kwake kwa kulowesha kidole. Aliinama akaangalia kwa muda.

Mama akatueleza. Walikwenda ndugu wawili. Huyu wa pichani hakurudi; mwenzake alirudi, akawa mpishi wa Mzungu mmoja hapa Mbale, na Mzungu yule alimwona kila siku akipangusa vumbi anasimama kwenye picha ile ile. Alipohama akamwachia kitabu.

Afande akakohoa. Nilijua amejiandaa tangu Jinja. "Mama, mimi nimekitafuta kitabu hiki tangu nikiwa kijana. Ukinipa, nitakuezekea nyumba yote kwa mabati mapya."

Mama akaangalia juu. Katikati ya chumba palikuwa na beseni la kukingia mvua.

"Mabati ni nzuri," akasema. "Lakini sikia. Kuna mwalimu alitusomea hii kitabu zamani. Wanatoka hapa, wanatembea, wanatembea, mvua inanyesha, wanafika kwa mto. Basi. Inakwisha kwa mto. Yule alirudi, alikuwa amepelekwa mbele, hakuona ndugu yake tena. Mzee yangu alikufa akiuliza. Sasa wewe Afande, kama unajua mwisho, niambie. Ukiniambia, chukua kitabu. Mabati hata usilete."

Afande alifungua bati. Mikono yake ilitafuta katika kurasa za mwanzo, polepole, ikasimama, na mimi nikaiona ile namba imelala kichwa chini. Kwa mazoea kiganja chake kilikuwa tayari juu ya maandishi. Akakiondoa.

Akasoma kimoyomoyo kwanza. Kisha akasoma kwa sauti, akigeuza kwa Kiswahili neno kwa neno. Kwamba jeshi lilipovuka mto, wapagazi wa kutoka chini ya mlima Elgon walikuwa wameshikwa na kuhara damu, wakaachwa ng'ambo ya pili katika vibanda vya nyasi. Kwamba mvua ilikata njia. Kwamba msafara wa chakula uliporudi ulikuta karibu wote wamekufa, na waliokuwa hai wakawazika wenzao mahali pa mwinuko, chini ya mikwaju. Ilikuwa nusu ya ukurasa. Baada ya hapo yule ofisa akaendelea na habari za nyumbu wake, kurasa nyingi.

"Walizikwa?" mama akauliza.

"Walizikwa, mama."

"Na watu? Watu yao?"

"Wenzao ndio waliowazika."

"Sisi tulidhani fisi," akasema.

Nikasoma Fatiha. Afande alivua kofia akasimama.

Tulipomaliza, mama alikifunga kitabu katika kitambaa chake cha kijani, akakitoa kwa mikono miwili, kwa sababu alikuwa ameahidi. Afande akakipokea. Nami nilimwona mtu ameshika kitu alichokitamani maisha yake yote, na Mungu anajua sikumwonea wivu. Alikaa nacho mapajani. Kisha akafungua kile kitambaa, akaweka juzuu ya pili juu ya ya kwanza, akajaribu kuvifunga pamoja. Kitambaa kikapwaya huku na kukaza kule, fundo likamshinda. Mama akamsaidia, bila kuelewa bado.

"Vilipoteana, mama," akamwambia. "Vikae pamoja. Hapa ndipo kwao."

Yule mama hakumwacha arudi na bati tupu. Alilijaza malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi tunayopika na karanga, na nusu ya Namatala ikatusindikiza. Mabati Afande aliyapeleka vile vile, msimu uliofuata.

Tukiwa tunangoja gari lake akaniuliza, "Shehe, ule ukurasa nimewaonyesha watu wangapi?"

"Wengi."

"Na hakuna aliyeniuliza kimeandikwa nini." Akatazama lile bati mkononi. "Wala mimi."

Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa wakati wa mvua za mwaka jana. Miguu ilikuwa imevimba, binti yake anamuuguza, na alikuwa amekatazwa kusimama. Niliponawa mikono, maana kwake ilikuwa kawaida yangu pia, akanyanyuka akashika ukuta mpaka kwenye rafu, kana kwamba mimi ni mgeni wa kwanza kuingia nyumba ile. Lile pengo la vidole viwili lilikuwa limekuwa pana mara mbili. Akaingiza kiganja chake humo, kikaenea.

"Hapa," akaniambia, "ng'ambo ya mto, chini ya mikwaju, wamelala wapagazi wa kutoka chini ya mlima Elgon." Akaendelea mpaka mwisho wa ile nusu ukurasa, kwa moyo, bila kukosea. Habari ya namba hakuitaja.

Binti yake aliniambia jikoni kwamba siku hizi ndivyo anavyomwonyesha kila anayekuja, hata mtu wa umeme.

Nikamuuliza kama bado anakitamani.

"Kila siku, Shehe. Nikiamka mkono unakwenda wenyewe."

"Nikuletee walau ukitazame? Mama hatakataa."

"Hapana. Acha nikitamani." Akakaa chini taratibu, akapumua. Kisha akauliza, kwa wasiwasi wa kweli, "Lakini niambie. Kule Namatala wamekiweka kipi juu?"

Nikamwambia cha kwanza kiko juu, na mjukuu wa mama anawasomea Ijumaa baada ya sala, na majirani bado wanakuja kuapia. Akacheka mpaka binti yake akaja kutazama.

Ewe unayesoma, Mwenyezi Mungu akupe unachokitamani ikiwa ndani yake mna kheri. Na kama kheri yake iko katika nyumba ya mwingine, akupe mikono ya kukiacha hapo, na moyo wa kuendelea kukipenda. Awarehemu wako waliolala mahali usipopajua, na awatume watu wema kuwafunika. Amin.